Korona ilivyowatikisa wahamiaji wa Qatar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila wakati: kutoka kwa vijana wanaojiandaa kwenda Doha, mji mkuu wa Qatar, kutoka kwa waliorudi mwaka 2020 mikono mitupu, na kutoka kwa wazazi ambao hadi leo hawajaelewa kilichowapata watoto wao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini Qatar? Korona haikugusa dunia nzima?

Iligusa dunia nzima, lakini ni nchi chache zinazoonyesha wazi kama Qatar jinsi janga linavyowakamata wahamiaji. Qatar ni rasi ndogo katika Ghuba. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na watu karibu milioni 2.8, na takriban tisa kati ya kila kumi hawakuwa raia. Katika soko la ajira, wageni ni kama asilimia 95. Wajenzi, madereva, walinzi, wapishi, wauguzi na wafanyakazi wa ndani, karibu wote wametoka nje: India, Nepal, Bangladesh, Ufilipino, na pia Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa hiyo unapozungumzia uhamiaji wa Qatar unazungumzia uhai wenyewe wa nchi. Mhamiaji akiondoka, duka linafungwa na lifti ya jengo inakosa fundi.

2. Ugonjwa uliingia lini, na mipaka ilifungwa vipi?

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 29 Februari 2020, raia wa Qatar aliyerudi kutoka Iran. Tarehe 9 Machi serikali ikazuia wasafiri kutoka nchi 14, zikiwemo India, Nepal, Bangladesh na Ufilipino, ambako ndiko wafanyakazi wengi hutoka. Siku mbili baadaye zikatangazwa kesi 238 kwa siku moja, zote za wageni waliokuwa wakiishi katika makazi ya pamoja. Tarehe 18 Machi ndege zote za kuingiza abiria zikasimamishwa, isipokuwa za mizigo na za wanaopita tu. Raia wa Qatar waliruhusiwa kurudi kwa sharti la karantini ya siku 14. Mgeni aliyekuwa na kibali halali cha ukaazi hakuruhusiwa.

Kuna jambo moja husahaulika. Mpaka pekee wa nchi kavu, ule wa Abu Samra na Saudi Arabia, ulikuwa umefungwa tangu Juni 2017 kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa, na ulifunguliwa Januari 2021. Kwa abiria wa kawaida, mlango wa nchi nzima ulikuwa uwanja wa ndege wa Hamad.

3. Kafala ni nini, na inahusiana vipi na ugonjwa?

Kafala ni utaratibu unaofunga ukaazi wa mgeni kwa mwajiri mmoja, yaani mdhamini au kafili. Mwajiri ndiye anayekuombea kibali na ndiye anayekihuisha. Kazi ikiisha, kibali nacho kinaanza kuhesabu siku zake.

Hapo ndipo janga lilipouma. Nyumbani mtu akipoteza kazi, amepoteza kazi. Qatar alikuwa anapoteza kazi, kitanda, chakula cha kampuni na haki ya kuwepo nchini kwa barua moja. Halafu unamwambia aondoke wakati hakuna ndege (tazama swali la 11). Madhara mengi yaliyoelezwa hapa chini yametoka kwenye fundo hilo, na sheria iliyolifunga iliandikwa miaka mingi kabla ya kirusi hiki kujulikana.

## Ndani ya kambi

4. Kwa nini maambukizi yalikuwa mengi mno kwa wafanyakazi?

Kwa sababu ya jinsi walivyolala. Fikiria chumba cha kambi ya wafanyakazi: vitanda vya chuma vya ghorofa pande zote, mapazia ya shuka ambayo kila mtu ameyafunga kwenye kitanda chake apate faragha kidogo, masanduku chini ya vitanda, kiyoyozi kimoja kinachozungusha hewa ileile. Jiko ni la ukanda mzima, na choo hivyo hivyo. Asubuhi mnapanda basi moja hadi kazini. Mtu wa hivyo ukimwambia akae umbali wa mita mbili, unamtaka afanye jambo ambalo chumba chake hakiruhusu.

Mwishoni mwa Mei 2020 zilikuwa zikitangazwa kesi mpya zaidi ya 2,000 kwa siku, na kufikia katikati ya mwaka Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi zenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi duniani ukilinganisha na idadi ya watu.

5. Eneo la Viwanda lilifungwa kwa muda gani?

Sehemu kubwa ya Eneo la Viwanda, kusini magharibi mwa Doha, ilizingirwa tarehe 17 Machi 2020, kuanzia mtaa wa 1 hadi wa 32. Huko kuna gereji, maghala, karakana na kambi zenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi. Polisi waliweka vizuizi, na chakula na dawa vikawa vinaingizwa. Kufunguliwa kulianza tarehe 6 Mei, mitaa michache kwanza, kisha mingine kidogo kidogo.

Wengi huuliza kama uamuzi ule ulikuwa wa haki. Serikali ilisema lengo ni kuzuia ugonjwa usisambae, na vipimo na matibabu vilitolewa bure kwa kila mtu, raia na mgeni, jambo linalostahili kusifiwa. Lakini kuwafungia pamoja watu ambao tayari wamebanana kulimaanisha kwamba waliobaki ndani ndio waliobeba hatari kwa niaba ya jiji zima. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu hajasimulia habari yote.

6. Ni kweli kuna waliodanganywa kwamba wanapelekwa kupimwa, wakafukuzwa nchini?

Shirika la Amnesty International liliripoti Aprili 2020 kwamba polisi waliwakamata wafanyakazi wengi mwezi Machi, wakawaambia wanakwenda kupimwa, kisha wakawaweka kizuizini katika hali mbaya. Shirika hilo lilizungumza na Wanepali 20 waliorudishwa kwao baada ya siku kadhaa, wengi bila kulipwa haki zao. Serikali ya Qatar ilijibu kwamba waliokamatwa walikutwa wakifanya shughuli zilizo kinyume cha sheria.

7. Kama waliougua walikuwa wengi hivyo, mbona vifo vilikuwa vichache?

Hadi mwisho wa 2022 vifo vilivyotangazwa havikufika 700. Sababu kubwa ni umri: wafanyakazi wengi ni vijana na watu wa makamo, waliopimwa afya kabla ya kupewa kibali. Kuna pia matibabu ya bure yaliyotajwa katika swali la 5.

Ila idadi ya vifo haipimi mateso yote. Aliyepona akiwa na miezi mitatu bila mshahara hayumo kwenye hesabu hiyo.

## Kazi na pesa

8. Kampuni ziliruhusiwa kukata mishahara?

Ilitegemea uko kundi gani. Aliyekuwa karantini au akitibiwa alipaswa kulipwa mshahara wake wote pamoja na posho, hata kama siku zake za likizo ya ugonjwa zimekwisha. Serikali pia ilitenga riyali bilioni 3 kuzidhamini benki ili kampuni zikope za kulipia mishahara na kodi ya pango.

Kwa kampuni zilizofungwa kwa amri, kama hoteli na saluni, mambo yalikuwa mengine. Aprili 2020 ziliruhusiwa kukubaliana na wafanyakazi juu ya likizo bila malipo au mshahara pungufu, mradi chakula na malazi viendelee. Tatizo liko kwenye hilo neno “kukubaliana”. Mlinzi anayelala kwenye nyumba ya mwajiri, kibali chake kiko kwa mwajiri, na uwanja wa ndege kwao umefungwa, anapoletewa karatasi aweke sahihi ana uhuru gani wa kukataa? Wengi waliweka sahihi. Wengine waliletewa karatasi ya Kiarabu au Kiingereza cha kisheria wasichokielewa.

9. Nilirudishwa bila kiinua mgongo. Naweza kudai sasa?

Sheria ya kazi ya Qatar inampa aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka wa kazi. Janga halikuifuta haki hiyo. Kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi zilizoanzishwa 2018 zinatakiwa kutoa uamuzi ndani ya wiki tatu.

Lakini kwa waliorudi 2020 jibu linaumiza: kwa kawaida dai hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kuisha. Wengi walipanda ndege wakiamini “ofisi itatuma”, na muda ukapita wakiwa nyumbani. Ndiyo maana anayeondoka leo, hata kwa haraka ya namna gani, afungue malalamiko kabla ya kuruka, na amwachie mtu anayemwamini, au wakili, idhini ya maandishi ya kumfuatilia.

10. Pesa zinazotumwa nyumbani zilipungua?

Wataalamu walitarajia hivyo. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba pesa zinazotumwa na wahamiaji katika nchi za kipato cha chini na cha kati zingeshuka kwa asilimia 20 hivi. Haikuwa hivyo: mwaka ulipoisha upungufu ulikadiriwa kuwa chini ya asilimia 2. Kenya ndiyo kwanza ilipanda, ikapokea zaidi ya dola bilioni 3 mwaka 2020 kutoka bilioni 2.8 mwaka uliotangulia.

Usidanganyike na jumla hiyo. Sehemu kubwa ya pesa zinazoingia Kenya hutoka Marekani, ambako serikali iligawa ruzuku kwa wananchi wake. Aliye Doha akila mgao wa kampuni hakuwa na cha kutuma, na mama yake huko kijijini hakuonja hata senti ya ongezeko hilo la taifa.

## Kutoka na kuingia

11. Ndege za Qatar ziliendelea kuruka. Mbona watu wetu walikwama?

Qatar Airways haikusimama kabisa, ni kweli. Safari hata hivyo ina ncha mbili, na ncha ya nyumbani ndiyo iliyofungwa. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti. Rwanda nayo ilifungua 1 Agosti. Entebbe ulifungwa Machi hadi 1 Oktoba. Bujumbura ulisubiri hadi Novemba. Tanzania ilifunga Aprili na kufungua mapema kuliko wote, tarehe 18 Mei.

Katikati hapo kulikuwa na ndege maalumu chache za kurudisha raia, na Wakenya waliotaka kurudi waliambiwa wajilipie tiketi na karantini wenyewe. Mtu ambaye hajalipwa miezi miwili alitakiwa atoe nauli kubwa kuliko ya kawaida. Wengine waliokolewa na michango ya wenzao kwenye makundi ya WhatsApp ya makabila, makanisa na misikiti. Msaada huo uliokoa wengi, na haukuandikwa kwenye ripoti yoyote.

12. Kwa jumla ni watu wangapi waliondoka Qatar?

Mamlaka ya takwimu ya Qatar huhesabu kila mwezi watu walio ndani ya mipaka. Kutoka karibu milioni 2.8 mwanzoni mwa 2020, hesabu ilishuka chini ya milioni 2.5 katika mwaka 2021. Sehemu ya upungufu ni watu walioenda likizo miezi ya joto, kama ilivyo kila mwaka, lakini sehemu kubwa ni walioachishwa kazi na waliokwama nje. Kisha maandalizi ya Kombe la Dunia yakawavuta wengine, na mwishoni mwa 2022 idadi ilikaribia milioni 3.

Nchi yenye raia wengi haiwezi kupungua na kujaa hivi ndani ya miaka miwili. Qatar iliweza kwa sababu watu wake wengi wako pale kwa mkataba.

13. Nilikuwa likizo nyumbani mipaka ilipofungwa. Sheria ilisemaje kuhusu waliokuwa kama mimi?

Kwa kawaida kibali cha ukaazi hufa ukikaa nje ya Qatar zaidi ya miezi sita. Wakati wa janga sharti hilo lililegezwa na faini zake zikasamehewa. Kuanzia 1 Agosti 2020 wakaazi waliweza kurudi kwa kibali maalumu cha kuingia, na kilichohitajika hasa ni mwajiri kukuombea.

Hapo wengi wakapotea. Mwajiri aliyekuhitaji alikuombea. Asiyekuhitaji alinyamaza tu, simu hapokei, na kimya hicho kikawa njia ya kumwachisha mtu kazi bila barua wala kiinua mgongo. Mali zao zilibaki kambini: nguo, vyeti, wengine hata kadi za benki.

Waliofanikiwa kurudi walikaa karantini: nyumbani kama walitoka nchi zenye maambukizi madogo, hotelini au katika makazi ya pamoja ya Mekaynis kama walitoka kwingine. Tangu 2021 waliochanjwa walianza kusamehewa, kutegemea wametoka nchi gani.

14. Ehteraz ilikuwa nini?

Programu ya simu iliyokuwa ya lazima kuanzia Mei 2020. Ilionyesha rangi: kijani, uko salama, nyekundu, umeambukizwa, njano, uko karantini, kijivu, unashukiwa. Mlangoni mwa duka kubwa askari aliangalia simu yako kwanza, uso baadaye. Asiye na simu ya kisasa au kitambulisho hai cha Qatar hakuingia, na hivyo walioishiwa vibali wakajikuta hata kununua mchele ni shida. Sharti lilifutwa kabla ya Kombe la Dunia, Novemba 2022.

## Sheria zilizobadilika

15. Ni kweli korona ndiyo iliyoondoa kafala?

Hapana, kwa maana mbili. Kwanza, mageuzi yalianza kabla. Kibali cha kutoka nchini kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na kuondolewa kwa barua ya mwajiri ya kumruhusu mtu kubadili kazi kulitangazwa Oktoba 2019. Sheria zenyewe zilitolewa Agosti 2020, janga likiwa limepamba moto: unaweza kubadili kazi bila ruhusa, kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja, au miwili kama umezidi miaka miwili. Kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi, kilianza Machi 2021.

Pili, kafala haijafa yote. Mwajiri bado ndiye anayehuisha kibali chako na bado anaweza kukushtaki kwa utoro. Hata hivyo zaidi ya wafanyakazi 300,000 walibadili kazi katika miaka miwili ya kwanza. Naamini janga lilichangia kwa njia moja: kuleta watu wapya kutoka nje kulikuwa kumekwama, na kampuni zenye kazi zililazimika kuwatafuta waliokwisha kuwa ndani.

16. Vipi kuhusu wanaofanya kazi za nyumbani?

Wako chini ya sheria yao, Namba 15 ya 2017: saa zisizozidi 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na kiinua mgongo kama cha swali la 9. Tangu Januari 2020 nao wanaweza kutoka nchini bila kibali, ila wamjulishe mwajiri saa 72 kabla.

Kwenye karatasi ni sawa. Wakati wa kufungiwa, familia nzima ilikuwa nyumbani mchana kutwa: watoto hawaendi shule, baba anafanyia kazi sebuleni, sakafu ya kudeki mara tatu kwa siku. Siku ya mapumziko iligeuka siku ya kukaa kwenye chumba kilekile, karibu na kengele ileile. Dada aliyetaka kulalamika hakuwa na pa kwenda, na simu mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mwajiri. Katika yote yaliyoelezwa humu, hawa ndio waliosikika kidogo kuliko wote.

## Hali za pekee

17. Nilimlipa wakala, safari ikafa kwa korona. Pesa zangu je?

Sheria ya Qatar inakataza ada ya kuajiriwa kutozwa mfanyakazi, lakini wakala wako aliichukua Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kwa hiyo dai lako liko huko. Kama ni wakala aliyesajiliwa, peleka risiti na mkataba kwa mamlaka inayosajili mawakala wa ajira za nje katika nchi yako. Kama hakusajiliwa, ni kesi ya utapeli na inaanzia polisi. Usikubali “tutakubadilishia uende nchi nyingine” kabla ya kuona mkataba mpya kwa macho yako.

18. Kibali kiliisha wakati wa janga nami nikabaki. Nimekuwa mhalifu?

Kisheria ulikuwa umekiuka, na faini ya kawaida ni riyali 10 kwa siku. Qatar ilitoa kipindi cha msamaha kuanzia 10 Oktoba 2021, kikaongezwa hadi 30 Aprili 2022: waliotaka kuhalalisha hali yao walipunguziwa ada nusu, na waliotaka kuondoka waliruhusiwa kuondoka. Aliyepitwa na kipindi hicho azungumze na ubalozi wake kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Kenya na Tanzania zina balozi mjini Doha.

19. Nikienda sasa, nibebe nini ili janga jingine lisinikute kama lilivyowakuta wale?

Nakala za mkataba, pasi, kitambulisho na hati za mshahara, ziwekwe mahali ambapo zitafunguka hata simu ikipotea, na seti nyingine abaki nayo mtu wa nyumbani. Akiba ya nauli ya kurudi, isiyoguswa kwa harusi wala mahari. Akaunti ya benki yenye jina lako, ili mshahara uonekane umelipwa au haujalipwa. Namba ya ubalozi iandikwe kwenye karatasi. Ukiondoka likizo, usiache vyeti vyako kambini, na umwombe mwajiri akuandikie tarehe ya kurudi. Na ukiletewa karatasi usiyoielewa, ipige picha kabla ya kuweka sahihi, uitume kwa mtu anayesoma lugha hiyo, usubiri jibu lake.